Risasi ninayoiogopa Lewiston

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili: kwanza kazini, nimejificha chumba cha mashuka, halafu nyumbani nikimenya viazi. Swali lako ni moja. Ukiwatoa wajukuu zangu Phoenix ukawaleta huku Lewiston, Maine, watakuwa salama? Na ukaniwekea takwimu juu yake, kwamba mwaka 2023 kiwango cha mauaji katika kamji haka ka baridi kiliipita hata Chicago. Kaka yako alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu takwimu hiyo ni ya kweli, na usiku ilipopatikana nilikuwepo.

Tuanze na hesabu, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinipigia hesabu za genge letu kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Lewiston ina watu kama 37,000. Marekani hutoa viwango vya uhalifu kwa kila watu 100,000, hata pale ambapo watu 100,000 hao hawapo. Akiuawa mtu mmoja hapa kwa mwaka mzima, kwenye karatasi panaandikwa 2.7. Wakiwa wawili, 5.4, na hapo tumeshalingana na nchi nzima. Asipouawa mtu, sifuri, tunakuwa watu wa peponi. Chukua kijiji cha watu 800 huko msituni: mume akimuua mkewe, kiwango kinaruka hadi 125, ilhali majirani wote mwaka ule hawajagombana hata juu ya kuku. Mji mdogo usome kwa miaka kumi. Mwaka mmoja utakudanganya, kwa ubaya au kwa uzuri.

Sasa huo mwaka 2023.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 25 Oktoba. Nilikuwa zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku, kwenye nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi. Saa moja kasoro mtu mmoja aliingia na bunduki kwenye ukumbi wa boling, kisha akaenda kwenye baa moja, akaua watu 18. Wanne kati yao walikuwa viziwi. Sisi tulijua pale simu kwenye korido zilipoanza kulia. Tukazima taa, tukateremsha mapazia, tukasogeza vitanda mbali na madirisha, wazee wengine wakidhani ni wakati wa kuoga.

Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka tisini na ushee. Wazazi wake walitoka Quebec kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo vya hapa. Kiingereza kimeanza kumtoka, Kifaransa kimebaki, na mimi humjibu kwa Kifaransa changu cha shule ya Uvira, kule Kongo. Akaniuliza gizani kama ni vita. Nikamwambia si vita, ni mtu mmoja. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mmoja tu? Basi keti." Nikaketi. Waliotakiwa kunipokea zamu hawakufika, barabara zilikuwa tupu, kila mtu ameambiwa ajifungie ndani. Nililala kwenye kile kiti chake mkono wake ukiwa mkononi mwangu, nikawa nakumbuka Oktoba ya 1996 tulipoondoka Uvira, wewe mgongoni. Ajabu ni kwamba sikuogopa kama ulivyodhani. Nilikasirika. Nilivuka ziwa lote lile nije kujificha tena kwenye giza?

Ijumaa walimkuta yule muuaji amekufa Lisbon, mji wa jirani, amejiua. Hakuwa mtu wa Lewiston. Alikuwa anakaa Bowdoin, askari wa akiba, na ndugu zake pamoja na wenzake wa jeshi walikuwa wametoa tahadhari miezi kabla kwamba akili yake haiko sawa na ana silaha. Kwa hiyo mhalifu ni wa Bowdoin, ila hesabu yote imeandikwa kwa Lewiston, maana hapa ndipo watu walipoanguka. 18 kwa watu 37,000 ndiyo hiyo zaidi ya 48 uliyoisoma. Jimbo zima la Maine, lenye watu zaidi ya milioni 1.3, kwa kawaida huwa na mauaji kati ya 20 na 30 kwa mwaka. Na ukichukua uhalifu wote wa kutumia nguvu, Maine hukaa kwenye 100 hivi kwa kila watu 100,000, na nchi nzima mwaka 2023 ilikuwa zaidi ya 360. Liko mkiani miongoni mwa majimbo yote, na huu ni mkia mzuri.

Lakini usinielewe kwamba nataka kuifuta ile 18. Watu wale tunawalilia mpaka leo kila Oktoba. Ninachokataa ni kuisoma kama kwamba mtu akitoka kununua maziwa hapa anakutana nayo njiani.

Kuna uhalifu mwingine ambao hauandikwi kabisa, na huo nao ujue. Msimu wa baridi uliopita nilisahau kufunga gari. Asubuhi nikakuta kikopo changu cha chenji za kufulia nguo hakipo, na koti la kaka yako limekwenda. Nilipiga simu polisi? Sikupiga. Nilichelewa kazi, nikasema Mungu amlipe. Wizi ule haupo kwenye takwimu ya mtu yeyote. Watu wetu ndivyo walivyo, mtu aliyekulia kambini akimwona askari anakata kona. Na si sisi peke yetu, maana serikali ya Marekani huwauliza wananchi wenyewe majumbani, na kila mara inaonekana kwamba sehemu kubwa ya matukio hayakufika polisi. Kwa upande mwingine, ng'ambo ya mto kuna Auburn, watu 24,000 tu, lakini maduka makubwa ya eneo hili yako kule. Mtu wa mbali akiiba suruali dukani, wizi unagawanywa kwa watu 24,000 wa Auburn, kana kwamba ni wao walioiba.

Mitaa inayosemwa vibaya siwezi kukuficha. Ni ile katikati ya mji, karibu na bustani ya Kennedy Park, yenye majina ya miti: Pine, Walnut, Birch, Ash, Spruce. Huko ndiko tulikofikia sisi na Wasomali na Waangola, kwa sababu kodi ni nafuu. Usiku wa kiangazi kuna kelele, kuna vijana wanazozana, kuna dawa za kulevya, na mara chache kuna bunduki. Nimeishi pale miaka mitatu. Hakuna aliyenigusa, ila kaka yako nilimkataza bustani baada ya saa mbili usiku, akaninunia mwaka mzima.

Na bado si hapo penye hofu yangu. Risasi ninayoiogopa Lewiston ni ile ya ukutani.

Nazungumzia madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye rangi za nyumba hadi Marekani ilipoyapiga marufuku mwaka 1978. Zile nyumba za mbao za ghorofa tatu, nne, zilijengwa zamani sana kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, na zimepakwa rangi juu ya rangi. Kila ukifungua dirisha, mbao zinasuguana, vumbi linaanguka, mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Haumwi tumbo wala hapati homa. Miaka mitano baadaye mwalimu anakuita kusema mtoto hasikilizi, hashiki herufi. Lewiston ni miongoni mwa sehemu za Maine zilizoathirika zaidi kwa jambo hili, na hakuna gazeti linaloliweka kwenye ukurasa wa uhalifu. Mtoto wako wa mwisho, yaani mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu, ndiye ninayemfikiria. Huku watoto hupimwa damu wakiwa na mwaka 1 na tena miaka 2, kwa sheria ya jimbo. Usikubali daktari aruke. Na mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 lazima akupe karatasi ya kusema anachojua kuhusu risasi kabla hujatia sahihi. Wengi huiweka katikati ya karatasi nyingine ishirini. Itafute.

Huyo kijana wako wa miaka 14 ana hatari nyingine. Maine ni nchi ya wawindaji, bunduki iko nyumba nyingi kama sisi tulivyokuwa na jembe. Novemba utasikia milio msituni, ni watu wanawinda paa, usishtuke. Mvalishe kofia ya rangi ya chungwa akipita karibu na msitu, na Jumapili pumzika, maana kuwinda siku hiyo ni marufuku. Kinachonisumbua ni bunduki iliyo chini ya kitanda. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki Marekani hujiua wenyewe, na hapa Maine sehemu hiyo ni kubwa zaidi tena. Giza la Desemba huanza saa kumi jioni, kijana mgeni, hana marafiki. Akialikwa kwa rafiki, mpigie mzazi umuulize: kuna bunduki ndani, imefungiwa? Mwanzoni niliona aibu kuuliza. Wazungu wenyewe wakaniambia ni swali la kawaida.

Kuhusu ubaguzi: meya aliwahi kuwaandikia Wasomali barua ya wazi mwaka 2002 akiwaomba wasije wengi. Januari 2003 wabaguzi wakaja kutoka nje kufanya mkutano wao, wakafika watu wachache sana, na upande wa pili wa mji wakakusanyika maelfu kuwapinga. Nami nimetukanwa mara mbili kwenye maegesho. Mara zote mbili kuna mwanamke mzee aliyejibu kabla yangu.

Kwa hiyo njooni. Lakini si kwenye ile nyumba uliyonitumia picha. Nimeikuza kwenye simu: fremu ya dirisha la jikoni rangi inabanduka kama magamba ya mgebuka. Hiyo hapana, hata wakikupa mwezi wa kwanza bure. Ile ya pili, yenye madirisha mapya, iko mtaa wa mwenzangu wa kazini. Jumapili nikitoka kanisani nitapita kuiona, nitapanda mpaka juu, nitakupigia video nikiwa mlangoni. Uwe macho, usiniache nabonyeza simu kama mwendawazimu kwenye theluji.

Mama yako