Lenzi ya f/1.8 kwa picha za jioni

Swali: Ninapiga picha za wavuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, jua likizama, lakini zinatoka na ukungu. Je, lenzi ya milimita 50 isiyo na zumu, yenye f/1.8, itanifaa?

Jibu: Itakufaa sana, ndugu msomaji. Namba ya f huonyesha upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera, zikivutwa hadi milimita 55, hufunguka kufikia f/5.6 tu, ilhali f/1.8 huingiza mwanga unaokaribia mara 10, hivyo badala ya kuacha mwanga uingie kwa sekunde 1/20 utatumia 1/200, na mkono wa mvuvi anayewasha karabai utaonekana wazi. Kuwa mwangalifu unapolenga, kwani kwa mtu aliye karibu, jicho likikaa sawa, sikio hufifia. Ikiwa kihisi cha kamera yako (sehemu inayonasa picha) ni kidogo, mimi ningechagua milimita 35, inayoona eneo pana zaidi, kwa sababu mtumbwini hakuna nafasi ya kurudi nyuma.