Maji ya mvua kwenye chumba ulichoongeza Mkomani, Lamu

Dada, nimekuelewa: paa la mabati la chumba kipya linamwaga maji kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, na jirani analalamika kichochoro kinajaa. Tafadhali usingoje masika. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji taratibu, plasta ikaanza kubambuka.

Funga gata (mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa) yenye mteremko wa kama sentimita 1 kwa kila mita 2, kisha bomba la kushukia la milimita 110. Jembamba huzibwa na majani. Maji yenyewe usiyatupe! Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita 20 za mraba ni karibu lita 200, na Lamu maji matamu ni mali. Yaelekeze kwenye tangi, ila ya mwanzo yenye vumbi yaache yapite. Yanayozidi yatoke mbali na msingi. Kamwe usiyaunganishe na bomba la choo, shimo litafurika.

Mji wa kale wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kutoboa ukuta waulize watu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ukiona ufa unapanuka, mwite mhandisi, si fundi bomba.