Kabla ya kulipa ada, iombe silabasi

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Micheweni. "Shikamoo ami. Nimekubaliwa vyuo viwili, niende kipi?" Kimoja kimempa usimamizi wa utalii, cha pili Kiswahili. Nyumbani washaamua: utalii, maana ndiko kwenye ajira. Sikumjibu papo hapo. Nilikwenda kabatini nikatoa bahasha ya kaki niliyoihifadhi tangu 2014.

Ndani mna silabasi za masomo yangu yote ya shahada ya kwanza, nyengine zimechapwa, mbili zimeandikwa kwa mkono. Karatasi hizi zilinila mwaka mzima. Nilisoma hapa hapa Unguja, nikaomba uzamili katika chuo kimoja cha Ulaya. Wakanijibu kwa adabu kwamba transkripti yangu, yaani karatasi ya matokeo, ina krediti 360, ambazo ni kipimo cha kazi ya masomo, na shahada kama hiyo kwao ni 180, kwa hiyo niwaonyeshe kila somo lilichukua saa ngapi na lilifundisha nini. Chuo changu hakikuwa na waraka huo. Nikienda ofisini naambiwa njoo wiki ijayo, na mimi natoka Pemba kwa boti. Masomo mawili hayakuwa na silabasi kabisa. Mwalimu wa masomo hayo alikuwa ameshahama. Nilimtafuta hadi kwake, akakaa barazani na daftari lake la zamani akaniandikia mada moja moja. Namuombea dua mpaka leo. Nilipokamilisha, muda wa maombi ulikuwa umepita.

Hesabu yenyewe si ngumu, ila hakuna aliyewahi kunifundisha. Kwetu Tanzania krediti moja ni saa 10 za kusoma, ukijumlisha darasani, maktaba na kazi za nyumbani, na mwaka una krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Ulaya, kwa utaratibu unaoandamana na makubaliano ya Bologna ya 1999, ya nchi za Ulaya kuoanisha shahada zao, mwaka una krediti 60, lakini kila moja ni saa 25 hadi 30, yaani saa 1,500 mpaka 1,800. Kumbe 360 yangu haikuwa kubwa kuliko 180 yao. Wala hawakunidharau, walitaka kujua nimesoma nini na kwa muda gani, na mimi sikuwa na la kuwaonyesha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, ili mwanafunzi wa Tunguu, hapa Unguja, aweze kuhamia Kampala bila ya kuanza upya. Nalipenda jambo hilo kwa dhati. Lakini siku ya kuhama, atakayeulizwa karatasi ni wewe.

Suala la soko nalo nimeliona kwa ndani. Niliwahi kufundisha kwa muda katika chuo kimoja. Vyuo vingi vinaendeshwa kwa ada: kozi inayojaza ukumbi inapewa walimu, yenye wanafunzi wanane inaanza kuulizwa inafanya nini. Kozi moja ikabadilishwa jina, ikaongezewa neno "kimataifa", na wanafunzi wakamiminika. Nilipoifungua silabasi nilikuta jalada jipya na mada zile zile, hata makosa ya chapa yamebaki yalipokuwa. Iliniuma, kwa sababu nilijua wazee waliouza karafuu kulipia neno lile.

Kwa hiyo usinunue jina la kozi. Tazama kwanza kama kozi imo katika mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kisha nenda ofisi ya usajili uiombe silabasi kabla hujalipa, uone kama saa na krediti zimeandikwa. Kama ni tawi la chuo cha nje, uliza shahada inatolewa na nani na inatambuliwa wapi. Tangu 2023 IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ina tawi Bweleo hapa Unguja, la kwanza la vyuo vya IIT kufunguliwa nje ya India, na nafurahi kuona kijana anaisoma sayansi ya data huku analala kwao. Hata huko, uliza.

Na Kiswahili? Hapa mimi siko na wazee wa nyumbani. TAKILUKI ya Vuga, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni, ambayo sasa imo ndani ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imefundisha wageni lugha hii miaka na miaka. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Watu wanapanda ndege kuja kujifunza kwetu, na sisi tunamuonea huruma mtoto anayetaka kuisomea lugha yake shahada. Mwenye kupima soko kwa vyumba vya hoteli peke yake haoni kwamba dunia inatafuta walimu wa Kiswahili na wafasiri, na aliyezaliwa Micheweni anaanza safari hiyo akiwa mbele ya wengi.

Nilimwambia hivyo, lakini sikumchagulia. Nilimtuma kwenye vyuo vyote viwili akaombe silabasi. Cha utalii kimemwambia arudi Jumatatu. Cha pili walimpa siku ile ile. Amenipigia picha kurasa zote, na ya tatu ina jaduweli ya saa za mwaka wa kwanza, somo kwa somo. Chini yake ameandika kwa kalamu: "Ami, nimezijumlisha, zinafika 1,200."