Mteja akiona nyekundu kwenye picha ya mikazo

Ndugu, nimekuelewa: mteja ameona nyekundu kwenye picha ya mikazo (nguvu ya ndani ya chuma kwa kila eneo) ya mnara wako wa tangi la lita 10,000 akadhani chuma kitakatika. Programu ya kukokotoa mikazo hupaka nyekundu thamani ya juu kabisa iliyopo, hata ikiwa ndogo. Panga kipimo cha rangi mwenyewe: kwa chuma cha S275 chenye unene usiozidi milimita 16, kikomo kiwe megapaskali (MPa) 275, mkazo ambao chuma hicho huanza kupinda bila kurudi. Andika pia mpindo wa mnara umekuzwa mara ngapi kwenye picha. Ukiukuza mara 100 bila kusema, milimita 3 zitaonekana kama mnara unaanguka.

Slaidi ya kwanza iwe jibu: mnara unabeba au haubebi, na akiba ya nguvu iliyobaki ni kiasi gani. Kisha mizigo (maji pekee ni takriban kilonewtoni (kN) 98, ongeza upepo). Wabunifu wape jedwali la nguvu kwenye viungio.

Kona kali za ndani ndizo hudanganya zaidi. Ukipunguza ukubwa wa elementi (vipande vidogo ambavyo programu hugawa muundo ili kuukokotoa) na mkazo ukazidi kupanda bila kutulia, hiyo si namba ya kuripoti. Weka mviringo halisi wa kona, ukokotoe upya.

Jumla ya nguvu kwenye misingi isipolingana na mizigo, usiwasilishe chochote. Na upepo ukiinua mguu hata mmoja, mwone mhandisi wa miundo aliyesajiliwa kabla ya kuchagua boliti za msingi.