Vitu vya Python ndani ya LMDB

Ndugu uliyeuliza kama pickle (moduli ya Python ya kugeuza vitu, yaani objects, kuwa baiti) inafaa kuhifadhia vitu vya Python ndani ya LMDB (hifadhidata ya jozi za ufunguo na thamani): inawezekana, maana kwa LMDB ufunguo na thamani ni baiti tu. Ila kwa data ya kukaa miaka, tafadhali usiitumie. Ukibadili jina la klasi au kuihamishia moduli nyingine, rekodi za zamani hazifunguki. Tena pickle ya mtu usiyemwamini inaweza kuendesha msimbo wake kwenye mashine yako. Tumia MessagePack (muundo wa kuandika data kama baiti, usiotegemea klasi za Python), na baiti ya kwanza ya thamani iwe namba ya toleo la muundo wa data yako.

Funguo nazo hupangwa kwa baiti, hivyo "10" hutangulia "9". Namba zisizo hasi ziandike kwa struct.pack(">Q", n), yaani baiti nane zikianza na ile yenye uzito mkubwa, zitafuatana sawasawa. Ukomo wa kawaida wa ufunguo ni baiti 511.