Maswali ya Wasomaji: Chujio la Tangi la Koi

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Nina tangi la saruji uani kwangu Tabata, Dar es Salaam, lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha mita 1, ambamo ninafuga koi (samaki wa mapambo) wanane wa takribani sentimita 20 kila mmoja. Nilinunua chujio dogo la sponji, na kila Jumamosi kijana wangu hulifungua, hulisugua chini ya bomba mpaka sponji itakate, kisha humwaga maji yote na kujaza mapya. Maji hung'aa, lakini ikifika Jumatatu samaki huja juu wakitweta, na mwezi uliopita walikufa wawili. Nimeamua kutengeneza chujio kubwa kwa mapipa. Nilipangeje, na umeme ukikatika nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, tangi lako likijaa huchukua lita 3,000, na idadi ya samaki uliyonayo inavumilika kwa sasa, ingawa koi aliyetunzwa vizuri hupita sentimita 60 na siku moja itakubidi uwapunguze. Kwa dalili ulizozieleza, kinachowaua ni huo usafi wa Jumamosi.

Samaki hutoa amonia mchana na usiku, nyingi yake kupitia matamvua, na amonia haina rangi, ndiyo maana maji yanayong'aa yanaweza kuwa na sumu tele. Kazi ya kuiondoa hufanywa na bakteria wanaoota juu ya sponji, mawe na kuta za tangi: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kijana wako anaposugua sponji chini ya bomba huwaondoa bakteria hao, na klorini, dawa ya kuua vijidudu iliyomo katika maji ya bomba, huwamaliza waliobaki; kisha maji mapya yenye klorini huyaunguza matamvua ya samaki. Kila wiki unaanza upya. Joto la Dar es Salaam nalo halikusaidii, kwani maji yenye nyuzi 30 hayashiki zaidi ya takribani miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita, ilhali yenye nyuzi 20 hushika kama miligramu 9.

Chukua mapipa mawili ya plastiki ya lita 200 yaliyowahi kubeba chakula, wala si kemikali, uyaweke juu ya msingi imara karibu na tangi, mdomo wake ukiwa juu ya kiwango cha maji ya tangi. Pampu ikae ndani ya tangi na kuyapandisha maji hadi pipa la kwanza, ambamo yaingie kwa ubavu, karibu na chini, ili yazunguke polepole na kinyesi kitue. Weka koki ya kutolea uchafu chini kabisa ya pipa hilo, na sehemu ya juu ujaze brashi au sponji za kunasa chembe ndogo. Kutoka hapo maji yaingie pipa la pili kwa chini, yapande katikati ya makazi ya bakteria (vitu wanavyoota juu yake), kisha yarudi tangini kwa kuanguka, maana maporomoko hayo huongeza hewa.

Kwa makazi ya bakteria wengi hukimbilia kokoto, nami sizipendi: ni nzito, hujaa tope haraka na kuzisafisha ni adhabu. Vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, vikitobolewa na kujazwa katika mfuko wa wavu, hufanya kazi vizuri na havigharimu kitu. Mawe mepesi ya volkano nayo yanafaa, mradi maji yanayoyafikia yamekwisha kuchujwa. Chini ya makazi hayo weka jiwe la kutoa mapovu, kwa sababu bakteria hawa hutumia oksijeni nyingi.

Bomba la kurudisha maji liwe pana kuliko la kuyaleta, kwa mfano la inchi 2 ikiwa la kuyaleta ni la inchi 1, la sivyo uchafu ukiliziba pipa litafurika na pampu italimwaga tangi zima uani. Kwa tahadhari hiyo hiyo, iinue pampu sentimita 30 kutoka sakafuni, ili hata balaa likitokea samaki wabakiwe na maji. Lenga maji yote yapite chujioni mara moja kwa saa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya maji yasiyopandishwa, kwa hiyo tazama mchoro wa mtengenezaji uone itatoa kiasi gani kwa kimo cha kupandishia maji yako. Yenye kuandikwa lita 5,000 huenda ndiyo ikakupa 3,000. Angalia pia wati: pampu ya wati 60 ikifanya kazi saa 24 hula takribani yuniti 43 kwa mwezi.

Chujio jipya huchukua kama wiki nne hadi sita kukomaa. Katika muda huo lisha kidogo sana, pima amonia na nitriti kila baada ya siku moja au mbili, na vikipanda badilisha sehemu ya maji. Nitriti ikionekana, kilo 3 za chumvi ya mawe katika tangi lako, zikiyeyushwa kwanza kwenye ndoo, huwakinga samaki. Ukiwa na rafiki mwenye koi wenye afya, mwombe konzi chache za makazi ya chujio lake, zitafupisha kungoja. Baada ya hapo badilisha lita 300 hivi kwa wiki, kwa maji yaliyokaa siku nzima katika tangi la wazi yakipulizwa mapovu ili klorini itoke, au yaliyotiwa dawa ya kuiondoa. Koki ya pipa la kwanza ifunguliwe kila siku chache. Pipa la pili liachwe, na mtiririko ukipungua suuza makazi yake katika beseni lenye maji ya tangi lenyewe.

Umeme ukikatika, cha kwanza ni hewa: nunua pampu ndogo ya mapovu inayotumia betri. Ukikatika kwa saa nyingi, maji yaliyolala katika pipa la pili huishiwa oksijeni na kuoza, hivyo yamwage kabla ya kuwasha pampu, usije ukawarudishia samaki sumu.

SWALI: Mimi niko Nairobi. Maji ya tangi langu ni ya kijani, ingawa vipimo vya amonia na nitriti ni sufuri. Je, chujio langu ni bovu?

JIBU: Chujio lako ni zima. Kijani hicho ni mwani unaoelea, ambao ni mdogo mno kunaswa na sponji. Funika nusu ya tangi kwa neti ya kivuli, au funga taa ya urujuanimno (UV) baada ya sehemu inayonasa uchafu, usafishe kioo chake mara kwa mara na kubadilisha balbu kila mwaka, kwa kuwa nguvu yake hupungua hata ikiendelea kuwaka. Mpaka maji yatakapotakata, acha mapovu yatoke usiku kucha, kwani gizani mwani hula oksijeni ile ile wanayoihitaji samaki.