Jibu: Burj Khalifa imesimama mchangani, mbona nyumba ya babu haibebi ghorofa moja zaidi?

Assalaam alaikum ndugu. Umeuliza: ikiwa Burj Khalifa yenye mita 828 imesimama kwenye mchanga wa Dubai, kwa nini fundi wa hapa Lamu akukatalie kuongeza ghorofa ya zege juu ya nyumba ya babu yako pale Mkomani. Nilifunga nondo Dubai miaka minne, kwenye jengo la ghorofa 40, na Burj tukiiona ikipanda kila asubuhi tuliposhuka basini.

Burj haikukalia mchanga. Chini yake mna nguzo 192 za zege, kila moja upana wa mita 1.5, zimezama zaidi ya mita 40 ndani ya mwamba laini. Zinabeba mzigo kwa kuung'ang'ania mwamba ubavuni. Juu ya nguzo hizo likamwagwa bamba la unene wa mita 3.7, ndipo mnara ukaanza.

Adui mkubwa pale ni chumvi. Maji ya ardhini yana chumvi kupita bahari, na nondo ikishika kutu huvimba, ikapasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana walitumia zege lisilopitisha maji kirahisi, wakaweka na kinga ya umeme dhidi ya kutu. Zege la kiangazi wakilimwaga usiku kwa barafu, lisikauke kwa pupa likapasuka.

Sasa njoo kwetu. Niliwahi kuitwa kutazama dari iliyomwagwa kwa mchanga wa ufuoni, wenye chumvi ileile. Haikutimiza miaka minane. Niligonga nyundo mara moja, vikaanguka vipande, na nondo ya milimita 12 imebaki nyembamba kama kijiti cha udi. Chini yake watoto walikuwa wakilala! Mpaka leo nikipita mtaa ule moyo hunienda mbio.

Nyumba ya babu ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, haufiki mita tatu, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Kuta zile nene hazikujengwa kubeba nguzo za zege. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea na chokaa huoza ndani.

Ukitaka chumba cha juu, weka banda jepesi la makuti, na mchoro uupeleke kwanza Makumbusho ya Taifa, wanaolinda majengo ya kale, maana Mji wa Kale wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001. Kabla ya hayo chokoa kona moja ya dari, utazame vichwa vya boriti vinapoingia ukutani. Mchwa na unyevu huanzia hapo.